Unyoya wa Jogoo wa Dani

Pale sokoni Migori, nyuma ya vibanda vya nyanya, kuna akina mama wanaochinja kuku na kuwatumbukiza kwenye sufuria za maji yanayochemka kabla ya kuwanyonyoa. Harufu ya yale manyoya, mabichi na ya moto, wengi huikimbia wameziba pua. Mimi husimama. Mama mmoja amenizoea, huniuliza kama leo nanunua au nimekuja kunusa tu. Namwambia nimekuja kunusa. Hucheka akidhani ni utani, nami namwacha adhani hivyo. Lakini nikiivuta ile harufu, namwona jogoo wa nyanya yangu, shingo imebaki uchi, na mamangu amemkumbatia akimnong'oneza kwa Kikuria atulie, tuko karibu kumaliza.

Nyanya tulimwita Dani, kama Wajaluo wote wanavyomwita bibi. Kwetu ni juu kidogo ya Rodi Kopany. Baba yangu ni wa hapo hapo, naye alimwoa Mama kutoka upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa watu wa ng'ombe. Ndiyo maana nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili. Dholuo cha Mama kilikuwa cha kuombea maji, na Kikuria cha Baba kilikuwa cha kusalimia wakwe, basi. Baba alifanya kazi Migori mjini na kuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda mwingi tulikuwa sisi na Mama, na Dani nyumba ya pili.

Sasa, Mama alipoolewa hakuwa amewahi kula samaki. Kwao samaki alikuwa kitu cha kusikia. Siku yake ya kwanza mezani kwa wakwe alipewa ngege mzima, kichwa na mkia, akamtazama, akauliza kwa adabu nyama yake inaanzia wapi. Hadithi hiyo Dani aliisimulia kila harusi, kila matanga, kila Krismasi, na kila mara watu walicheka kana kwamba imetokea jana. Hakuna aliyemwita Mama kwa jina. Alikuwa Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Alipika ugali wao, akalima shamba lao, akawazalia watoto, na bado Nyar Kuria. Mimi nilikuwa na hasira za karibu tangu utotoni, na kila nikisikia jina lile nilitamani kumuuma mtu. Mama aliniambia jina halitoboi ngozi.

Karibu na kwetu kuna bwawa la zamani la kunyweshea ng'ombe. Mwaka mmoja watu wa idara ya samaki walikuja na lori la matangi, wakamimina humo vifaranga vya ngege, vidogo kama kucha. Walikuwa wamekubaliana na kikundi cha akina mama kwamba bwawa lizungushiwe ua wa miiba, ng'ombe wanyweshwe kwenye mfereji wa chini, na samaki wakikua wawe wa kikundi na shule. Aliyesimama kwenye mkutano kulitetea jambo hilo alikuwa Mama. Kichekesho chake mnakiona? Mkuria, mtoto wa ng'ombe, anatetea samaki, na Wajaluo waliozaliwa na harufu ya ziwa wanatetea ng'ombe. Wazee wenye mifugo walikasirika. Walisema samaki ni wa ziwa, na samaki wa kuletwa kwa lori hafiki mbali.

Wanakikundi walipanga zamu za kulisha. Mwanzoni walikuja, kisha huyu akawa na mgonjwa, yule akawa na palizi, na mwishowe zamu zote zikawa za Mama. Kila jioni alibeba debe la pumba zilizochanganywa na unga wa omena, wale dagaa wa ziwa, nami nikimfuata. Alipofika ukingoni aligonga lile debe kwa kijiti, ko ko ko, akarusha pumba kwa viganja. Pumba zilielea. Baada ya muda maji yalianza kukunjamana pale katikati, penye visiki, yakitoa sauti ndogo ya kubusu. Mama alichuchumaa na kutazama mpaka pumba zote ziishe. Alikuwa akizungumza nao, nadhani, maana midomo yake ilicheza. Nilipomwuliza anasema nini, alijibu kwamba anawasalimia tu.

Tatizo ni kwamba maji ya bwawa lile yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Hukuweza kuona samaki hata angekuwa mkubwa kama mbuzi. Mwaka ukapita, na mtu hakuwa ameona hata pezi. Ukiwaonyesha watu maji yakikunjamana walikwambia ni vyura. Nyavu hazikuwezekana, kwa sababu bwawa lilichimbwa bila kung'oa miti, na visiki vya migunga vilijaa chini. Waliojaribu walirudi na vipande vya wavu.

Kiangazi kilipouma na mfereji wa ng'ombe ukapungua, Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo, akaita watu. Huyu alikuwa mwenyekiti wa bwawa na mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mrefu, mwenye sauti ya kusomea tangazo. Hakuwa mtu mbaya, nawaomba mwelewe hivyo. Ng'ombe wake walikuwa na kiu. Alisema Jumapili, baada ya Sabato, watu wote wakutane bwawani. Samaki wa kujaza sahani akitolewa pale mbele ya macho yao, ua utabaki. Asipotolewa, miiba itaondolewa siku hiyo hiyo na ng'ombe wataingia. Kisha akamgeukia Mama, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, kwamba si vibaya mtu kukosea katika mambo ya watu wengine.

Jioni ile Mama hakula. Dani naye alikuja jikoni kwetu, jambo lililokuwa nadra, akasimama mlangoni na kusema aibu haitabaki kwa Mkuria peke yake, itaingia boma lote. Kwa hiyo ametuma ujumbe Muhuru Bay, kwa Baba mdogo Odhiambo, aje avue. Mtu wa samaki ndiye wa kutoa samaki.

Baba mdogo alifika Ijumaa na mkoba wa ndoana na hadithi nyingi kuliko ndoana. Aliishi Muhuru akivua na kuanika omena, na akisimulia habari za ziwa unaweza kusahau chakula. Mama alimngoja amalize, kisha akamweleza taratibu kwamba samaki wa bwawani hula juu ya maji, hawali chini, kwa hiyo minyoo haitafaa. Tangu wakiwa kama kucha wamelishwa kitu kinachoelea. Hata alipowatupia mchwa, waliozama hawakuguswa. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

“Shemeji,” akasema, “mimi ziwa nimelivua tangu sina magego. Utanifundisha wewe wa ng'ombe? Samaki hali hewani.”

Dani alicheka pia. Mama akasema sawa, akakusanya vikombe. Lakini mimi nilikuwa namjua. Mama akisema sawa kwa sauti ile, jambo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Usiniulize wazo lilimjia vipi. Najua tu kwamba mchana ule ule, Dani alipokwenda kutayarisha mambo ya Sabato, Mama aliniita nyuma ya ghala na kuniambia nimshike jogoo. Jogoo wa Dani alikuwa mwekundu wa kung'aa, mwenye majivuno, na Dani alimpenda kuliko baadhi yetu. Mama alimchomoa manyoya ya shingoni, yale membamba, moja moja. Kisha akachomoa uzi wa kahawia kwenye sweta yangu ya shule, akauzungusha kwenye ndoana ndogo, akafunga unyoya juu yake ukazunguka kama sketi ya mcheza ngoma, na kuukaza kwa meno. Kile kitu kikaonekana kama pumba yenye miguu. Mwisho akakipaka samli ya ng'ombe kutoka kibuyu kilicholetwa na shangazi zake, akakitia kwenye bakuli la maji. Kikaelea. Tulikitazama, kikaelea tu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

Lakini samaki walijitokeza katikati, mbali na ukingo, na kitu chepesi vile hakitupiki. Ukikirusha kinakurudia usoni. Hapo ndipo utoto wake ulipomsaidia. Kwao Mama alikuwa ndiye mwendesha ng'ombe wa jembe, mtoto wa kike mwenye mjeledi mrefu kuliko nyumba, anayeweza kumgusa nzi kwenye sikio la fahali wa mbele bila kumgusa fahali. Alikata ufito mrefu unaonesa. Akasokota kamba nyembamba ya katani, akaipaka samli nayo, akaifunga kwenye ncha, na mwisho wa kamba akaunga uzi wa nailoni na ile ndoana yenye unyoya. Jumapili alfajiri aliniamsha twende shambani kujaribu. Alirudisha mkono nyuma, akangoja kidogo, akaupeleka mbele. Kamba ilipita juu ya kichwa chake, ikajikunjua polepole, ikalala kwenye majani kimya kabisa. Mjeledi usiolia. Mimi nilidhani mamangu amechanganyikiwa, lakini nilidhani pia sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Dani asubuhi hiyo alikuwa na msiba wake mwingine. Alikuwa amemwona jogoo. Alimshika, akamkagua shingo, akatangaza kwamba kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimeingia bomani, akampaka majivu na kumnywesha maji ya pilipili. Jogoo alitutazama mimi na Mama kwa namna ambayo sijaisahau. Mimi na Mama tukashika njia ya bwawani.

Basi watu wakajaa bwawani. Wenye ng'ombe walikuwa wamekuja na ng'ombe wao kabisa, wamewasimamisha nje ya ua, wakilia kwa kunusa maji. Vijana wawili walishika mapanga ya kukatia miiba. Jaduong' Okelo alifungua kwa sala, kisha akamkaribisha Baba mdogo.

Baba mdogo aliketi juu ya jiwe kama mtu aliye kwake. Akatia mnyoo mnene, akatupa, ndoana ikazama na jiwe lake. Tukangoja. Jua lilipanda. Watu walianza kuzungumza habari za mahindi. Ghafla mshipi ukakazika, Baba mdogo akasimama, akavuta, akarudi nyuma, akavuta, na maji yakapasuka. Vigelegele vilipigwa hata kabla hatujaona ni nini. Nilikuwa nimeruka juu pamoja na wengine, nikatua na kuona Mama hakuruka.

Alikuwa mumi, yaani kambare. Mkubwa, mweusi, mwenye masharubu, ngozi yake laini ikiteleza kwenye matope. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kwetu, Msabato hali samaki asiye na magamba, na nusu ya watu waliosimama pale walikuwa Wasabato. Lakini kulikuwa na baya zaidi, na Jaduong' Okelo ndiye aliyeliona. Alimgeuza yule mumi kwa fimbo, akamgusa tumbo lililotuna.

“Huyu hatukumpanda,” akasema. “Na sasa tumejua wale tuliowapanda walikwenda wapi.”

Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Baba mdogo alikunja mshipi wake bila hadithi. Dani alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Wale vijana wenye mapanga wakauendea ua, na ng'ombe wa mbele, kama aliyeelewa, akapiga hatua.

Mama akapita katikati ya watu na ufito wake begani na debe mkononi. Hakuomba ruhusa. Aliweka debe chini, akagonga kwa kijiti, ko ko ko, ile ile ya kila jioni. Akarusha pumba. Mwenyekiti alisema Nyar Kuria, inatosha. Mama akagonga tena. Pale penye visiki maji yakaanza kukunjamana, na mtu nyuma yangu akasema vyura hao, na mimi nikageuka nikamkanyaga mguu kwa makusudi.

Mara ya kwanza alipourudisha mkono, ndoana ilinasa kitambaa chake cha kichwa na kukivua mbele ya umati. Mungu wangu, walicheka. Mama alikinasua kitambaa, akakifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akapangusa mikono kwenye sketi. Nilimwona anasema kitu polepole. Alikuwa akiwasalimia.

Akarudisha mkono nyuma. Akangoja. Akaupeleka mbele.

Kamba ilikwenda ikijikunjua juu ya maji, mbali kuliko nilivyodhani inaweza, na unyoya wa jogoo ukashuka wa mwisho, mwepesi, katikati ya pumba. Ukaelea. Nilikuwa nimeuma kola ya gauni langu. Kisha pale palipokuwa na unyoya pakatokea duara dogo, sauti ya kubusu, na unyoya haukuwapo.

Mama akainua ufito, ukapinda ukawa upinde. Samaki alivuta kwenda kwenye visiki. Mama hakumvuta kwa nguvu. Alimwongoza kwa pembeni, akirudi nyuma hatua ndogo ndogo, kama mtu anayemtoa ndama zizini, akimlegezea akikataa na kumkazia akichoka. Alipofika kwenye maji ya karibu tulimwona ubavu, ulimeta mara moja, mpana. Na hapo ndipo alipopiga mkia na Mama akateleza, akaketi matopeni, ufito bado juu. Uzi ulikuwa ukikwaruza kwenye jiwe. Ungekatika, kila mtu aliona.

Aliyeingia majini alikuwa Dani. Na viatu vyake vya kanisani. Aliingia mpaka magotini, akatandaza leso yake chini ya yule samaki kama anayepokea mtoto, akamkumbatia kifuani, akatoka naye akipiga kelele kwa Dholuo maneno ambayo mzee wa kanisa alijifanya hakuyasikia.

Alikuwa ngege. Mnene, mpana kuliko viganja viwili vya baba yangu, magamba yaking'aa. Jaduong' Okelo aliinama, akapitisha kidole ubavuni toka mkia kwenda kichwa, akahisi magamba yakimkwaruza. Kisha akanyoosha mgongo na kutumia ile sauti yake ya tangazo.

“Ana magamba. Rudisheni ng'ombe.”

Jamani! Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile, wala kwa harusi yangu mwenyewe. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kumnyanyua Mama kutoka matopeni, na ndiye aliyebeba debe na kumwomba arushe tena. Mama akarusha, akatoa wa pili, halafu wa tatu, na watu wakawa wanahesabu kwa kuimba. Wanakikundi waliokuwa na wagonjwa na palizi walijitokeza wote, kila mmoja akieleza alivyowalisha. Mzee Okelo mwenyewe aliahidi vijana watachimba mfereji wa ng'ombe uende chini zaidi, na walichimba, wiki hiyo hiyo. Mimi nilizunguka umati mzima nikiwaambia watu yule ni mamangu, hata wale waliokuwa wananijua tangu kuzaliwa.

Dani ndiye aliyemtoa ndoana ngege wa kwanza. Alipoishika kwenye vidole akaitazama kwa karibu, ule unyoya mwekundu uliolowa. Akamtazama Mama. Akautazama unyoya tena.

“Kumbe hiki ndicho kideri,” akasema.

Mama alikazana kutazama ng'ombe wakiondoka. Dani alianza kucheka kutoka tumboni, akacheka mpaka akashika bega la Mama ili asianguke, na hakuliachia hadi tulipofika nyumbani.

Usiku ule tulikula ngege kwa Dani, wa mchuzi wa nyanya. Sasa, nyumbani kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha Dani. Hakuna aliyewahi kukigusa, hata Baba akiwepo. Dani alikiweka mbele yake, akakigeuza, kisha akakisukuma kizima mpaka kwenye sahani ya Mama.

“Kula, Min Akinyi,” akasema.

Akinyi ni mimi. Min Akinyi ni mama yake Akinyi, na kila mwanamke wa boma lile aliitwa kwa jina la mtoto wake, isipokuwa mmoja. Namkumbuka Mama akianza na shavu, kisha macho, akinyonya mfupa hadi ukawa mweupe, na mimi nikijisemea kwamba kumbe mamangu anapenda kichwa cha samaki namna hii. Jina la Nyar Kuria halikusikika tena pale nyumbani. Jogoo manyoya yake yaliota upya, na hakuchinjwa hata siku moja, alikufa kwa uzee.

Tangu nianze kujipatia changu, sijawahi kwenda nyumbani bila ngege mkubwa wa Muhuru, na kichwa nakiweka mbele ya Mama kwa mkono wangu mwenyewe. Dani alishatutoka. Bwawa lipo, samaki wapo, na watoto wa siku hizi huvua kwa manyoya ya kuku bila kujua nani alianza. Ukiwauliza wanakwambia ndivyo samaki wa hapa huvuliwa.

Krismasi iliyopita nilimwandalia kama kawaida. Akakitazama kile kichwa muda mrefu, na jicho la samaki likimtazama, kisha akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza kulikoni.

“Mwanangu, mimi kichwa cha samaki sikukipenda hata siku moja. Hata samaki mwenyewe. Ile siku kwa Dani nilitaka kutapika.”

Nilibaki nimeshika kijiko. Miaka yote ile! Nikamwuliza mbona basi alikimaliza, mbona aliuacha mfupa mweupe.

“Kwani nilipewa chakula?” akasema. “Siku ile nilipewa kiti. Ungetaka nikikatae kwa sababu kina miiba?”

Nikanyoosha mkono nimwondolee sahani. Akanipiga kofi dogo la vidole, akaivuta karibu, na kuanza na jicho.